Ngano Isiyovunwa

Malout, 4 Januari 2002

Baba Nimrat,

Sat Sri Akal. Sisi wazima. Usishtuke kuona barua inatoka Malout. Tuko kwa dada yangu Jasmel tangu siku nne zilizopita, mimi na Nimrat na masanduku mawili. Kule kijijini kwetu Kot Santokh wamebaki wanaume na mbwa.

Malori saba yalikuja asubuhi, nikiwa nakamua. Askari wakashuka, wakaanza kupima shamba letu kwa kamba kama watu wanaotaka kujenga nyumba. Bapu akawapelekea chai. Unamjua baba yako, hata mwizi akija atamuuliza kwanza kama anatumia sukari. Ofisa wao ni kijana wa kusini, Kipunjabi hajui hata neno. Akamwambia kwa Kihindi, "Mzee, samahani. Ni amri."

Bapu akamuuliza, "Amri ya muda gani?"

Yule kijana akanywa chai yake, akarudi kwenye kamba.

Wametega mabomu ekari zetu zote nne, Baba Nimrat. Humo humo ndani ya ngano, na ngano yenyewe bado iko kimo cha kiganja. Wametega yale madogo ya miguu na yale makubwa ya vifaru, kuanzia seng'enge ya mpaka wa Pakistani hadi mfereji. Kisha wakazungusha kamba yenye vitambaa vyekundu wakahamia kwa Balkar. Kufika alasiri kijiji kizima kilikuwa kimepambwa kwa vitambaa vyekundu, utadhani kuna harusi.

Bapu amekataa kuja huku. Anasema alikimbia mwaka arobaini na saba, akakimbia sitini na tano, akakimbia sabini na moja, na kila akirudi anakuta mlango umeibwa. Safari hii atakaa aulinde mlango wake. Amebaki na nyati wetu wawili wa maziwa.

Redio inasema Pakistani nao wameleta vifaru upande wao. Watu wa hapa wanasema vita ni wiki hii. Dada anasema ni wiki ijayo. Wewe uko wapi? Uliandika tu "magharibi". Na wanakufanyisha kazi gani? Nimrat anauliza kama unalala kwenye hema.

Mama Nimrat


Posta ya jeshi, 27 Januari 2002

Mama Nimrat,

Barua yako imechukua siku ishirini, na imefunguliwa ikafungwa tena kwa gundi. Basi salamu pia kwa yule aliyeisoma kabla yangu.

Mwambie Nimrat ndiyo, ni hema, tumo sita, na mmoja anakoroma kama pampu ya maji. Nilipo siruhusiwi kupataja. Pana mchanga. Tunaula kwenye chapati, tunaunywa kwenye chai, hata kwenye sikio umo.

Kazi yangu usiihofie. Sisi wahandisi wa jeshi hatukai mstari wa mbele. Tunatengeneza njia za malori, tunafunga madaraja, na siku nyingi mimi niko stoo nahesabu misumari na maturubai. Nanenepa.

Kuhusu shamba, sikiliza vizuri, na umwambie Bapu neno kwa neno. Asiingie hata hatua moja. Asidhani palipo na nyayo za askari ni salama, kwa sababu njia waliyopita huitega mwisho, wakiwa wanarudi nyuma. Asidhani pembeni hakuna kitu. Pembeni ndiko yanakoanzia. Mvua ikinyesha, lile dogo linaweza kuhama kutoka pale lilipowekwa, hasa karibu na mfereji. Na nyati wafungwe kwa mnyororo. Kamba wataitafuna.

Haya nimeyasikia kwa wenzangu wanaofanya kazi hiyo.

Harnek


Kot Santokh, 11 Aprili 2002

Baba Nimrat,

Vita vya wiki hii havikuja, wala vile vya wiki ijayo. Watu wamechoka kukaa kwa ndugu, na ndugu wamechoka zaidi. Siku niliyomwona Jasmel anaficha samli nikajua wakati umefika. Tumerudi nyumbani. Karibu kila mtu amerudi. Vifaru viko nyuma yetu kwenye miti, vimefunikwa nyavu, na askari wanafua nguo kwenye mfereji wetu.

Bhuri amekufa, yule nyati mdogo. Alikata mnyororo wake akafuata majani mabichi. Alifika katikati. Hakufa pale pale, na hakuna aliyeweza kumwendea. Bapu alimwomba askari mmoja ampige risasi, akaambiwa risasi zina hesabu. Baadaye askari huyo huyo akarudi peke yake akampiga.

Ngano imeiva. Sijaona ngano nzuri kama hii tangu nilipoolewa hapa. Hakuna aliyeikanyaga, hakuna mbuzi aliyeionja. Bapu hukaa kwenye tuta la mfereji tangu asubuhi, mundu mapajani. Jana nilimpelekea chakula nikamuuliza, "Unafanya nini hapo, Bapu?"

"Nailinda isiibiwe."

"Nani ataingia humo kuiba?"

"Ardhi yenyewe. Siku kumi zaidi na punje zote ziko chini."

Nilimsomea barua yako neno kwa neno kama ulivyoagiza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Huyu kijana wa stoo anajua mengi." Akarudi kuitazama ngano.

Mama Nimrat


Kot Santokh, 30 Aprili 2002

Baba Nimrat,

Sisi wazima. Joto limeanza. Bapu anakusalimia. Alikuwa na homa kidogo, sasa yuko Fazilka, madaktari wanamwangalia goti. Unalijua goti lake. Ataandika akipata nafasi.

Ngano tumeiacha kama ulivyosema. Nimrat ameng'oka jino la mbele.

Usijisumbue kuomba likizo, najua hawatoi. Hapa hakuna jambo la kukuleta. Kula vizuri.

Mama Nimrat


Hospitali, Fazilka, 15 Mei 2002

Mwanangu Harnek,

Ninaandika kwa Kiurdu kwa sababu ndicho nilichofundishwa shule, enzi ambazo Lahore, kabla haijawa ya Pakistani, ilikuwa mji wetu wa kwenda sokoni. Mkeo hawezi kukisoma. Najua hata wewe huwezi. Utamtafuta Mwislamu hapo kambini akusomee. Nawe ndugu unayesoma, Mungu akulipe, na usimlainishie kitu.

Harnek, mguu wangu wa kushoto haupo tena, kuanzia chini ya goti. Ni tangu tarehe ishirini na mbili Aprili. Mkeo amenikataza kukwambia. Anasema ukijua utatembea na mawazo, na mtu mwenye mawazo huko mliko hafiki mbali. Ni neno la busara. Lakini mimi ni baba yako, na sitaki siku unarudi nyumbani ukutane na gongo mlangoni.

Sikuingia ndani. Nilisimama pembeni, pale pembe ya mfereji, nikavuta masuke kwa mundu. Nilikuwa nimepata mafungu mawili. La tatu lilikuwa mbali kidogo, nikasogeza mguu. Ulikuwa umesema pembeni ndiko yanakoanzia. Nilikusikia. Lakini mtu aliyelima miaka hamsini na mbili hawezi kukaa anaitazama ngano inadondoka.

Mkeo ndiye aliyenitoa. Alitambaa kwa tumbo, akichoma ardhi mbele yake kwa kijiti kama anavyochoma andazi kuona kama limeiva. Mimi nampigia kelele arudi, yeye ananiambia, "Nyamaza, Bapu, unanichanganya." Sijui alifundishwa na nani.

Kuna jingine. Siku chache kabla ya hapo, ng'ambo ya seng'enge, upande wa Pakistani, nilimwona mzee kama mimi amekaa kwenye tuta lake. Ngano yake nayo imeiva, na kamba imezungushwa. Wao vitambaa vyao ni vyeupe. Tukatazamana mpaka jua likawa kali. Mwishowe akaninyooshea mundu wake juu, nami nikamnyooshea wangu. Sijui kama yeye alikuwa na akili kuliko mimi.

Yule ofisa wa kusini alikuja hospitali. Alileta machungwa. Alikaa hapo akinimenyea, nikamhurumia, nikamwambia, "Hukuniita wewe. Nilikwenda mwenyewe."

Sasa nakuuliza, na ujibu. Hiyo ya kutega mabomu ndiyo kazi yako huko? Kama ndiyo, sina ugomvi nawe. Ila ramani yako ichore vizuri.

Baba yako,
Dalip Singh


Posta ya jeshi, 2 Juni 2002

Rajwant,

Barua ya Bapu nimeipata. Alinisomea sajini wetu, Havildar Ikram, mtu mzima wa Rampur, mpishi wetu mkuu. Alianza kusoma kwa sauti, akafika mahali akashusha karatasi. Nikamwambia, "Endelea." Akasema, "Hapa imeandikwa nisikulainishie. Kaa chini kwanza." Nikakaa juu ya debe la mafuta. Alipomaliza, akaikunja ile karatasi, akanipa chai. Mpaka leo ananiongezea dengu bila kuniuliza.

Sikukasirikii. Nani mimi wa kukukasirikia.

Sijawahi kukaa stoo hata siku moja. Tangu Desemba natega. Asubuhi tunapewa masanduku, tunapewa kipande cha ardhi, na mpaka jua linapozama kipande kimeisha. Mikono yangu imepasuka kwa baridi ya Januari, sasa inapasuka kwa joto. Na si ardhi ya jangwa tupu kama nilivyofikiri tukiwa njiani. Ni mashamba. Ni haradali, ni dengu, ni visima vya watu.

Kuna bibi mmoja, kila siku alikaa mlangoni kwake akitutazama. Siku tuliyomaliza akaniuliza, "Mwanangu, njia ya kisimani umeniachia?" Nikatazama ramani niliyoichora kwa mkono wangu. Sikuwa nimemwachia. Hakuna aliyeniambia kuna kisima, na mimi sikuuliza. Nikamwambia aende akakae kwa ndugu. Akasema, "Ndugu zangu ndio hawa," akaonyesha mbuzi.

Tarehe ile Bapu alipoumia nimeitafuta kwenye daftari langu. Siku hiyo nilitega hamsini na sita.

Hapa kila mtu anasema vita ni saa yoyote, tangu wale wake za askari na watoto wao walipouawa na magaidi kambini kule Jammu. Makamanda wanazungumza habari za lile bomu la atomiki kana kwamba ni mvua. Tumepewa vinyago vya kukinga hewa ya sumu, kimoja kwa watu wawili. Nashirikiana na yule anayekoroma.

Nilikuficha kwa sababu nilijua utalitazama shamba letu uone mikono yangu. Uione sasa.

Harnek


Kot Santokh, 19 Juni 2002

Baba Nimrat,

Nilijua tangu Januari. Mtu wa stoo hawezi kujua bomu linategwa wapi mwisho. Nikanyamaza kwa sababu nilifikiri unahitaji uongo wako huo, kama wengine wanavyohitaji bangi. Nami nikakufichia langu. Tumelingana, tuishie hapo.

Kama umejiuliza moyoni ni nani aliyenifundisha kutambaa, ni wewe. Likizo ya mwaka juzi ulikuwa unamwonyesha Nimrat kwa mchezo, hapo uani, na mwiko wangu wa mbao. Nilikuwa napika chapati nawatazama.

Bapu amerudi nyumbani. Anapigana na magongo yake, anayatukana kwa majina ya wakuu wa wilaya.

Mwalimu mkuu alituita kwenye hekalu letu, gurdwara, kutusomea karatasi ya serikali. Bomu la atomiki likija, mlale chini, mfumbe macho, msitazame mwanga, maji yafunikwe. Shangazi Bachno akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, na maziwa?" Akasema nayo yafunikwe. Shangazi akasema, "Mimi sina wasiwasi. Kutoka hapa hadi kwao ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Wakitupiga sisi, upepo unawarudia wenyewe. Wa kuogopa ni watu wa Delhi." Watu wakacheka mpaka mwalimu naye akacheka. Kisha tukarudi nyumbani, na kila mmoja akafunika mtungi wake.

Sina nguvu ya kukuchukia, Baba Nimrat. Nguvu yote inakwenda kwenye ndoo za maji. Lakini kuanzia leo tusifichane. Likitokea, liandikwe kama lilivyotokea.

Huyo bibi wa kisima, mtafutie njia. Wewe ndiye mwenye ramani.

Rajwant


Posta ya jeshi, 23 Julai 2002

Rajwant,

Niliomba ruhusa kwa maandishi mara mbili, ikakataliwa. Mara ya tatu ofisa akanitazama akasema, "Mimi leo mchana nitalala kwa muda wa saa mbili. Usiniamshe." Mimi na Ikram, ambaye si kazi yake kabisa, tulifungua njia ya upana wa mtu mmoja hadi kisimani. Nilitoa saba. Ikram alikuwa anashika kamba na kusali.

Bibi hakuwapo. Jirani akasema alishakwenda kwa binti yake Bikaner. Mbuzi wameuzwa.

Njia ipo hata hivyo.

Harnek


Kot Santokh, 9 Novemba 2002

Baba Nimrat,

Vifaru vimeondoka. Siku moja waliviwasha vyote, vumbi likafika mpaka ndani ya vyungu, na jioni miti ikawa miti tena. Hakuna aliyetuambia kama tumeshinda.

Wahandisi walikuja kwetu mwezi uliopita kutoa mabomu na wamemaliza. Ngano ile iliyodondoka ilishaota na kufa, magugu yakafika kifuani kwa mtu, wakayachoma moto kwanza. Vijana watatu wa kikosi chao waliumia hapa kijijini, mmoja, aliyeumia shambani kwetu, amepoteza macho. Nilimwosha uso mimi mwenyewe.

Jana kapteni mpya alikuja na karatasi ya kuturudishia shamba. Bapu akamwambia, "Nisomee daftari." Akasoma. Madogo yametegwa mia mbili na arobaini, yametolewa yote ukiondoa la Bhuri, la Bapu na la yule kijana. Makubwa ya vifaru yametegwa thelathini na mbili. Yametolewa thelathini na moja.

"Na hilo moja?" Bapu akauliza.

Kapteni akasema huenda aliyehesabu mwanzoni alikosea. Huenda lilikwenda na maji ya mfereji. Huenda moto umelimaliza. Wamepita mara tatu na mashine na hawajaliona. Bapu akatia sahihi, kwa sababu asipotia sahihi shamba linabaki la jeshi mpaka mwakani.

Sasa hakuna anayelima. Kwa Balkar yamekosekana mawili. Kila mtu anamngojea mwenzake aingie kwanza. Tumeshakosa ngano moja na mpunga mmoja, na muda wa kupanda unakwisha. Wewe unajua kazi hii. Niambie.

Rajwant


Posta ya jeshi, 18 Novemba 2002

Rajwant,

Kubwa haliungui na moto wa majani likaisha kimya. Haliendi na maji, ni zito mno. Aliyehesabu anaweza kukosea. Mimi mwenyewe nimewahi kukosea nikiwa na homa, nikahesabu sanduku mara mbili. Kwa hiyo ama halikuwapo tangu mwanzo, ama lipo na limezama chini ya tope. Mtu akipita juu yake kwa miguu halifanyi kitu. Trekta likipita halibaki trekta.

Sisi bado tunatoa tulichotega. Mchanga umehama, ramani zetu zimekuwa michoro ya watoto. Nimeomba likizo ya Desemba. Msiingie. Nitakuja nipite shamba zima kwa mkono, shubiri kwa shubiri. Nisubirini.

Harnek

Nyongeza, tarehe 24: Likizo zote zimefutwa hadi Februari. Msiingie hata hivyo. Tutakosa msimu, tutaishi.


Kot Santokh, 10 Desemba 2002

Baba Nimrat,

Tulikubaliana liandikwe kama lilivyotokea.

Barua yako ilifika tarehe mosi. Nikamsomea Bapu, pamoja na nyongeza. Tarehe tatu, baada ya chai ya asubuhi, nikasikia trekta letu linaunguruma uani. Nilipotoka nikamkuta Bapu amekaa kwenye usukani, magongo ameyafunga kwa kamba nyuma ya kiti, na ule mguu wa bandia waliompa ameukazia kwa mkanda wako wa jeshi.

"Shuka, Bapu."

"Ondoka hapo mbele. Mimi nimebakiza mguu mmoja na miaka mitatu minne. Hesabu yenyewe nyepesi."

"Klachi haijui hesabu yako."

Akaikanyaga. Mguu wa bandia ukateleza. Akakanyaga tena, trekta likaruka kidogo, likazimika. Mara ya tatu alitumia mikono kuusukuma mguu chini, na wakati huo usukani hauna mtu. Akakaa anatazama ule mguu kama kitu cha jirani.

Nikamwambia, "Nipande nikukamate mkono au utashuka mwenyewe?"

"Mtoto anamhitaji mama. Mzee wa mguu mmoja hahitajiki na mtu."

"Mtoto anahitaji na unga. Mmoja wetu abaki naye. Anayeweza kukanyaga klachi ni mimi."

"Harnek amesema msubiri."

"Harnek yuko mbali, na Februari ngano haipandwi."

Alishuka, Baba Nimrat. Polepole sana. Nilimpeleka Nimrat kwa Shangazi Bachno, nikamwambia nakwenda kulima, akaniuliza kama anaweza kuja, nikamwambia hapana, akalia kwa ajili ya hilo tu. Bapu alitembea na magongo pembeni ya trekta hadi kwenye tuta. Akaniambia, "Nenda polepole." Kisha akasema, "Hapana, nenda haraka." Ushauri hakuna.

Wanaume wa kijiji walitoka wakasimama barabarani. Hakuna aliyenikataza na hakuna aliyejitolea. Nilianzia upande wa seng'enge. Mistari ya kwanza nilikuwa nimekaza meno hata shavu likavuja damu ndani. Mstari wa sita au wa saba, jembe likagonga chuma. Nilisikia mpaka kwenye mifupa ya kiti. Nikafumba macho. Nilipofumbua, trekta lilikuwa bado linakwenda, na nyuma yangu limelala bomba la pampu ya zamani. Nilisimama nikatapika pembeni ya tairi, nikaendelea.

Sikuwaza mambo makubwa. Nilikuwa nawaza kama nimefunika dengu.

Nilimaliza jua likiwa limeshaanza kushuka. Ekari zote nne. Mistari imepinda, Bapu anasema hajaona kazi mbaya kama hiyo tangu alipokufundisha wewe. Aliisema akiwa ameshika mkono wangu kwa nguvu, na hakuuachia mpaka tulipofika nyumbani. Kesho yake tukapanda. Kesho yake hiyo hiyo Balkar akaingia kwake, na baada yake wengine wanne.

Halikulipuka. Hiyo haina maana kwamba halipo. Mwezi wa Aprili tutavuna kwa mkono, mwaka ujao tutalima tena juu yake, na mwaka mwingine. Nimeshalizoea kichwani kama mtu anavyozoea jirani mbaya.

Ng'ambo, upande wao, kuna trekta jekundu limeanza kulima juzi. Linakwenda polepole sana, linasimama, linakwenda. Jana tulikaa kwenye tuta mimi na Bapu na wanawake wengine tukilitazama mpaka likamaliza.

Najua utakasirika. Kasirika, kisha uandike. Shangazi Bachno anasema nina moyo wa simba, na watu wananiachia nafasi ya mbele gurdwara. Sina moyo wowote, Baba Nimrat. Nilichoka tu.

Rajwant